Kutoka Nairobi Hadi Chalbi: Jinsi ya Kujiandaa kwa Safari ya Miguu Jangwani

Wakazi wengi wa Nairobi wanaojiandikisha kwa safari ya kuongozwa kwenda jangwa la Chalbi au kando ya Ziwa Turkana huamini kwamba jua wamelizoea kwa sababu wamezaliwa Kenya. Sivyo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai tunavaa majaketi hadi adhuhuri. Chalbi, kule Marsabit, iko chini ya mita 500. Joto la mchana hupita nyuzi 35 kivulini, na kivuli chenyewe ni cha kutafuta. Mwili uliozoea baridi ya Limuru au ukungu wa Ngong utataabika huko kama wa mtalii aliyeshuka ndege juzi kutoka Ulaya.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza wiki kadhaa kabla ya siku ya kuondoka. Kiongozi wa safari atakuonyesha njia, atachagua pa kulala, atajua kisima kilipo. Hawezi kuuzoesha mwili wako joto kwa niaba yako, wala hawezi kujua kichwa kinakuuma usipomwambia.

Hatua ya 1: Chagua mwezi, kisha chagua watu wa kukupeleka

Mwezi Februari na Machi, kabla mvua za masika hazijashika, ndipo kaskazini huwaka zaidi. Kama ni mara yako ya kwanza, epuka miezi hiyo. Juni hadi Agosti kuna nafuu kidogo, ingawa upepo ni mkali. Wakati wa mvua (mwishoni mwa Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba) Chalbi hugeuka jambo jingine kabisa: ni sakafu ya ziwa la kale, na maji yakitua juu ya lile tope la chumvi, gari hunasa na halitoki.

Ukishapata mwezi, usichague kampuni kwa picha nzuri. Hakikisha ina leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, kisha piga simu uulize maswali haya na usikilize unavyojibiwa:

- Tutabeba lita ngapi za maji kwa kila mtu kwa siku, na tutajaza tena wapi?
- Kuna gari la pili? La kwanza likiharibika, tutafanya nini?
- Mna simu ya setilaiti, na nani anajua kuitumia?
- Mtu akizidiwa na joto, atafikishwa wapi, kwa njia gani, na itachukua muda gani?
- Saa za kutembea ni zipi?
- Nani mwenyeji wa eneo atakayekuwa nasi?

Swali la saa za kutembea ndilo ninalolithamini kuliko yote. Ukiambiwa "tunatembea baada ya kiamshakinywa hadi chakula cha mchana," tafuta kampuni nyingine. Anayeijua Chalbi atakuambia bila kufikiri kwamba watu huamka kabla ya alfajiri, na kwamba kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni hakuna anayetembea.

Swali la mwenyeji nalo lisipuuzwe. Kiongozi aliyesomea kazi yake Nairobi ana thamani, hasa aliyefanya mitihani ya Chama cha Waongoza Watalii chenye madaraja ya shaba, fedha na dhahabu. Lakini ukivuka Marsabit unahitaji pia Mgabra, Mrendille au Mturkana, kulingana na njia yenu, ambaye ndugu zake wako pale na anayejua wiki hii kisima gani kina maji na upande gani kuna mvutano wa mifugo. Usalama wa baadhi ya maeneo, kama bonde la Suguta na viunga vya Baragoi, hubadilika upesi, na habari hizo huwafikia wenyeji kwanza.

Ulizia pia bima ya kusafirishwa kwa ndege. AMREF Flying Doctors, wenye makao yao Uwanja wa Ndege wa Wilson, wana uanachama unaomgharamia mtu kuchukuliwa kwa ndege akiwa mahututi. Ni gharama ndogo ukilinganisha na kukodi ndege siku ya dharura.

Hatua ya 2: Muone daktari, na umwambie ukweli kuhusu dawa zako

Si kila mtu anafaa kwenda. Shinikizo la damu lisilodhibitiwa, ugonjwa wa moyo au figo, ujauzito, au historia ya kuwahi kupigwa na joto hadi kulazwa, yote yazungumzwe na daktari kabla hujalipa. Kuna dawa za kawaida kabisa zinazopunguza uwezo wa mwili kujipoza: zile za shinikizo zinazoongeza mkojo, baadhi ya dawa za mzio, na baadhi ya zile za sonona. Usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Mwambie daktari unakwenda wapi na utatembea kwa muda gani.

Omba pia ushauri kuhusu dawa ya kukinga malaria. Jangwa halina kinga dhidi ya mbu. Pembeni mwa ziwa na chemchemi wapo.

Hatua ya 3: Uzoeshe mwili joto

Hapa ndipo safari inapofaulu au kuharibika, na ndipo wengi hawafanyi chochote.

Mwili hujifunza joto. Ukiupa kati ya saa moja na saa moja na nusu ya mazoezi kwenye joto kila siku, kwa siku 7 hadi 14, hubadilika kwa namna unayoweza kuiona: jasho huanza mapema na kutoka kwa wingi, chumvi kwenye jasho hupungua, moyo hauendi mbio kama mwanzo kwa kazi ileile. Mabadiliko hayo hayadumu. Ukikaa wiki chache bila joto hupotea, kwa hiyo mazoezi ya Januari hayatakusaidia safari ya Juni.

Tatizo letu ni kwamba Nairobi haina joto la kutosha. Karura ni msitu wa kivuli. Ngong Hills, kwa kilele chake cha mita 2,460, itajenga miguu na mapafu, lakini upepo wake utakudanganya. Panda Ngong kwa ajili ya nguvu, kisha utafute joto kwingine.

Pa karibu zaidi ni barabara ya Magadi. Ukipita Kiserian na kuvuka mgongo wa vilima, barabara inaporomoka kuingia Bonde la Ufa, na unahisi hewa ikibadilika ndani ya gari. Olorgesailie, ile sehemu ya zana za mawe za kale iliyo chini ya Makavazi ya Taifa, iko takriban kilomita 70 kutoka mjini na ina mahali pa kupiga kambi. Magadi yenyewe ni mbele zaidi na chini zaidi, karibu mita 600 tu juu ya bahari, na joto lake linakaribia lile utakalolikuta kaskazini. Nenda Ijumaa jioni, lala kwenye hema utakalolitumia, tembea Jumamosi na Jumapili asubuhi ukiwa na mtu wa eneo lile, gari likiwa karibu. Ukiweza, fanya hivyo wikendi mbili mfululizo kabla ya safari.

Siku za kazi katikati, tembea au kimbia mchana badala ya alfajiri, ukiwa umevaa mikono mirefu. Mwenye ukumbi wa mazoezi wenye sauna aitumie dakika 15 hadi 20 baada ya mazoezi. Asiye nayo aoge maji moto ya kutosha kumtoa jasho. Usifanye hivyo ukiwa peke yako nyumbani, na kizunguzungu kikianza acha mara moja.

Kuna kipimo kimoja ningependa kila msafiri akifanye huko Magadi, kwa sababu kitakufunza kuhusu mwili wako kuliko ushauri wa mtu yeyote. Beba mizani ya nyumbani, iweke juu ya ubao ulionyooka. Asubuhi, baada ya kwenda haja, jipime ukiwa umevaa nguo nyepesi tu. Tembea saa moja juani huku ukinywa maji unayojua kiasi chake. Rudi, jifute jasho vizuri, vaa nguo kavu zilezile za mwanzo, jipime tena. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho. Jumlisha na maji uliyokunywa. Tuseme ulianza na kilo 72.0, ukarudi na 71.3, na njiani ulikunywa nusu lita. Umetoa jasho lita 1.2 kwa saa moja. Mwenzako wa umri na umbo lako anaweza kuwa ametoa lita 0.7. Ndiyo maana amri ya "kila mtu anywe chupa moja kwa saa" humuumiza mmoja na kumtosha mwingine.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya maji kwa kalamu

Usiachie kampuni hesabu hii. Kwa siku ya kutembea, weka lita 6 za kunywa kwa mtu, na nyingine 4 za kupikia, kunawa na akiba ya kumpoza mgonjwa. Hizo ni lita 10. Mkiwa watu 8, pamoja na kiongozi na mpishi, kwa siku 4, ni lita 320, yaani jerikeni 16 za lita 20. Ongeza siku moja ya dharura: jerikeni 4 tena. Sasa una lita 400, na lita moja ya maji ni kilo moja. Fikiria gari lililobeba abiria wanane, mahema, chakula, mafuta ya ziada, kisha lipandishiwe kilo 400 za maji. Hapo unaelewa kwa nini uliuliza kuhusu gari la pili, au ngamia, au mahali pa kujaza.

Maji ya Ziwa Turkana yasiwe kwenye hesabu ya kunywa. Yana magadi na floraidi nyingi, na ukingoni kuna mamba. Kwa kulowesha kitambaa yanafaa, yakitekwa na mwenyeji anayejua pa kuchotea.

Mkipita hifadhi kama Sibiloi, kumbukeni kwamba tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi za taifa. Beba chupa ya kudumu, au mfuko wa maji wa mgongoni wenye mrija. Mimi hupendelea kuwa na vyote viwili, kwa kuwa mrija hukufanya unywe kidogokidogo bila kusimama, na chupa hukuonyesha umebakiwa na kiasi gani.

Maji matupu peke yake hayatoshi. Ukinywa lita nyingi bila chumvi, chumvi ya damu inashuka, na dalili zake, yaani kichefuchefu, kichwa kuuma na kuchanganyikiwa, hufanana na za joto lenyewe. Usipite lita moja na nusu kwa saa hata kama una kiu kali. Beba pakiti za ORS, ile poda ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, kutoka duka la dawa, angalau mbili kwa kila siku ya kutembea. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi itafaa. Chakula nacho kina kazi yake: njugu za chumvi, mchuzi, na nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta ambayo utaikuta Isiolo na Marsabit. Haiharibiki kwa joto, ina chumvi, na watu wa kaskazini wameitegemea safarini tangu zamani. Tende pia. Chokoleti iache Nairobi.

Pombe iache pia. Na miraa, ambayo itapitishwa dirishani mwa gari kuanzia Meru hadi Isiolo, huchangamsha moyo, hukausha mdomo na kukunyima usingizi ambao mwili unauhitaji ili upumzike.

Hatua ya 5: Nguo na viatu

Mikono mirefu, suruali ndefu, vyote vipana na vya rangi hafifu. Ngozi nyeusi hupunguza makali ya kuungua, lakini joto linaingia vilevile, na midomo, pua na masikio huungua kwa kila mtu. Kofia ya ukingo mpana, miwani ya jua, losheni ya kukinga jua, na leso au kikoi. Leso nzito ya pamba ina kazi nyingi jangwani: ukiilowesha na kuifunga shingoni inapoza, vumbi likivuma unajifunika uso, na mchana inatandikwa kuwa kivuli kati ya fimbo mbili.

Viatu vingi vya kutembelea mlimani vinavyovaliwa Nairobi vimetoka masoko ya mitumba ya Gikomba au Toi, na hakuna ubaya wowote, ila vikague kwa makini. Vingi vimekaa miaka ghalani kabla ya kufika hapa. Shika kiatu kwa mikono miwili, kikunje kwa nguvu pale vidole vinapokunjika, utazame kama soli inaachana na ngozi. Kisha bonyeza soli kwa ukucha wa kidole gumba. Ikibonyea na kumeguka unga, iache, hata kama juu kinang'aa, kwa sababu gundi na soli ya namna hiyo vikikutana na mchanga wa moto hubanduka siku ya kwanza. Ukipata kizima, chukua kinachozidi kidogo saizi yako, maana miguu huvimba kwenye joto. Kivae wiki kadhaa kabla. Beba soksi za kutosha kubadilisha mchana, na plasta ya kubandika mara tu unapohisi mguu unawaka sehemu moja, kabla lengelenge halijajaa.

Akala, zile ndara za matairi, wenyeji huvaa mwaka mzima na hutembea nazo mbali kuliko sisi. Nyayo zao zimezoea. Wewe zibebe za kuvaa kambini.

Hatua ya 6: Shuka polepole

Njia ya kawaida hupita Nanyuki au Meru, Isiolo, Archers Post, Laisamis, hadi Marsabit, na sasa lami imefika hadi Moyale. Urahisi huo una mtego. Unaweza kutoka Nairobi alfajiri na kulala Marsabit, na mji wa Marsabit uko mlimani, kwenye ukungu na baridi. Utalala na blanketi, uamke umepumzika, kisha ndani ya saa chache ushuke hadi Kalacha au North Horr ukakutane na joto lote kwa mkupuo.

Kama ratiba inaruhusu, omba mlale usiku mmoja Isiolo au, bora zaidi, Laisamis, ambako joto limeshaanza. Na siku mbili za kwanza za kutembea ziwe nusu ya umbali uliopangwa. Ukiona kampuni imeweka kilomita nyingi zaidi siku ya kwanza "wakati mna nguvu," omba ibadilishwe kabla hamjatoka Nairobi.

Hatua ya 7: Siku ya kutembea

Amka saa kumi alfajiri. Kunywa nusu lita ya maji polepole, chai ya strungi na kipande cha chapati. Saa kumi na moja muwe njiani kwa tochi za kichwani. Jua litachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu. Kwa namna hiyo mnapata saa nne au tano nzuri kabla ya saa nne asubuhi. Pumzikeni dakika 10 kila saa, mkikaa juu ya kitu wala si juu ya ardhi tupu, kwa sababu mchanga huwa moto kuliko hewa.

Mwendo uwe wa kuweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Mwenye mwendo wa polepole kuliko wote atembee karibu na mbele, nyuma tu ya kiongozi, ili kundi zima lifuate mwendo wake. Vijana wenye nguvu wakae nyuma. Kila mtu awe na mwenzake wa kumtazama, si kwa adabu tu: mtu anayeanza kuchanganyikiwa kwa joto ndiye wa mwisho kujua.

Angalia mkojo wako. Rangi ya majani makavu au maji ya limau ni nzuri. Ukiwa wa rangi ya chai, au hujaenda haja ndogo tangu alfajiri, mwambie kiongozi.

Hapa niseme na akina dada waziwazi. Chalbi ni tambarare tupu, hakuna kichaka, na wanawake wengi huamua kimyakimya kutokunywa maji ili wasilazimike kujisitiri mbele ya kundi. Nimeona hilo likiwaangusha watu wenye afya njema. Kubalianeni mapema na kiongozi: kila mapumziko wanaume wanatazama upande mmoja, wanawake wanakwenda upande mwingine wawili wawili, mmoja akishika leso kama pazia. Likisemwa mara moja siku ya kwanza, haya inaisha. Kampuni nzuri hulisema yenyewe kabla ya kuulizwa.

Saa nne ikifika, simameni palipo na kivuli, hata kama ni cha turubai. Legeza viatu, loweka leso, kula chenye chumvi, lala. Saa kumi jioni mnaweza kutembea saa moja au mbili tena, au kubaki hapo hapo. Kubaki si udhaifu.

Hatua ya 8: Kambi

Usilale kwenye laga, yale mabonde makavu ya mito, hata kama mchanga wake ni laini na mbingu ni safi. Mvua ya mbali mlimani hushusha maji usiku bila kukuonya.

Upepo wa Turkana ni jambo la kupangia. Kusini mwa Loiyangalani ndiko kuliko na mitambo 365 ya umeme wa upepo, na haikujengwa pale kwa bahati. Vigingi vya kawaida havishiki kwenye mchanga. Beba mifuko midogo ya gunia, ijaze mchanga, funga kamba ya hema katikati ya mfuko, uifukie nusu mita kwenda chini. Mlango uelekee upande ambao upepo hautoki.

Wengi huja na mfuko mzito wa kulalia kwa sababu wamesikia usiku wa jangwani ni baridi kali. Hizo ni habari za majangwa mengine. Chalbi na Turkana, kwa kuwa ziko chini na karibu na ikweta, usiku mwingi hubaki na joto. Shuka nyepesi na chandarua vinatosha. Sweta moja ni kwa ajili ya Marsabit. Joto hilo la usiku ndilo linaloufanya mwili uamke haujapona vizuri, na ndiyo sababu uchovu wa siku ya tatu huzidi wa siku ya kwanza.

Chandarua kiwe na matundu madogo sana. Kaskazini kuna usubi wanaoeneza kala-azar, ugonjwa hatari wa vimelea, nao hupenda kukaa kwenye vichuguu, kwa hiyo hema lisiwe karibu na kichuguu. Usitembee peku usiku, washa tochi hata ukienda hatua kumi, na asubuhi kung'uta viatu: nge hupenda mahali penye giza. Nyoka wenye sumu wapo. Akikuuma, tulia, mguu usitikisike, msikate wala msinyonye, piga simu ya setilaiti.

Penye kisima, mifugo na wenye mifugo kwanza. Msiogee wala kufulia hapo. Picha za watu ziombwe. Maziwa ya ngamia ukikaribishwa ni heshima kubwa. Omba yachemshwe kwenye chai, kwani mabichi yanaweza kuwa na bakteria wa ugonjwa wa brusela.

Hatua ya 9: Mtu akizidiwa

Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, misuli kukaza, kichefuchefu, jasho jingi, hasira isiyo na sababu. Bado akili yake iko sawa. Mtoe juani, mlaze, inua miguu, legeza nguo, mpe ORS kwa mafunda madogo, mmwagie maji na kumpepea. Asitembee tena siku hiyo, hata akisema amepona.

Akianza kuzungumza ovyo, kuyumba kama mlevi, kuweweseka, kupata degedege au kuzimia, hicho ni kiharusi cha joto. Mwili umepita nyuzi 40 na ubongo unaumia kwa kila dakika. Msingoje kuona kama jasho limekauka. Mtu aliyekuwa akitembea anaweza kuwa bado amelowa. Fanyeni hivi papo hapo:

Mpoze kwanza, usafiri baadaye. Mvue nguo zibaki za ndani. Mlowesheni mwili mzima kwa maji yoyote mliyo nayo, watu wawili wampepee kwa nguvu na leso au turubai, mmoja aendelee kumwagia bila kusita. Kama jokofu la gari lina barafu, iwekeni shingoni, kwapani na kwenye kinena. Hapa ndipo zile lita za akiba zinapotumika, na msizionee uchungu. Mwingine apige simu wakati huohuo. Asiye na fahamu msimpe kitu mdomoni, mlalisheni ubavu. Paracetamol na aspirini hazisaidii joto la namna hii na zinaweza kudhuru. Endeleeni kumpoza hadi akili irudi, kisha asafirishwe huku akilowanishwa njiani.

Fanyeni zoezi hili kambini jioni ya kwanza, mmoja akijifanya mgonjwa. Linachukua dakika 10.

Na ukihisi dalili ndogo, sema. Usihesabu nani atakuona mnyonge. Kiongozi akiambiwa saa tatu asubuhi kwamba kichwa kinagonga, ana gari, kivuli na siku nzima mbele yake. Akiambiwa saa saba mchana katikati ya tambarare, vingi vya hivyo hana.

Hatua ya 10: Baada ya kurudi

Siku mbili tatu za kwanza endelea kunywa vizuri na usirudi mazoezini kwa nguvu. Mkojo ukiwa mweusi kama soda, na misuli ikikuuma isivyo kawaida, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu misuli iliyoharibika hudhuru figo.

Homa ikikupata ndani ya wiki chache, usiseme ni mafua ya Nairobi. Nenda upimwe malaria, na umwambie daktari kwa kinywa chako kwamba ulilala Marsabit au Turkana, ulikunywa maziwa ya ngamia kama ulikunywa, na ulilala karibu na nini. Kala-azar huweza kuchukua miezi kabla ya kujitokeza, kwa homa isiyoisha, kukonda, na tumbo kuvimba upande wa kushoto wa juu. Daktari wa Nairobi asipojua ulikokwenda, hatawaza kuipima.